Tiba ya Mtoto Mwenye Ulemavu na Wajibu wa Mwalimu wa Darasa

Liko swali moja ambalo wanachuo hulirudia kila wanapotoka katika mazoezi ya kufundisha: je, mwalimu wa darasa anao wajibu wowote katika tiba ya mtoto mwenye ulemavu? Wengi hujijibu wenyewe kwamba hanao. Mazoezi ya viungo, husema, ni kazi ya hospitali. Kazi ya mwalimu ni kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Makala haya yanakusudia kuipinga rai hiyo.

Yafaa tuanze na shule inayofahamika. Jijini Dar es Salaam, jirani na Kariakoo, ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko. Jina lake lajieleza: wasioona, wenye uoni hafifu, wenye ulemavu wa akili na watoto viziwi wasioona husoma katika shule moja na wenzao wasio na ulemavu. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, katika shule yoyote ile, kuwakusanya watoto ndani ya ua mmoja ni mwanzo tu wa kazi. Mtoto aliyeandikishwa lakini hawezi kukaa wima, wala kushika kalamu, wala kufika msalani bila kubebwa, amepewa nafasi asiyoweza kuitumia.

Sheria nazo haziitenganishi elimu na tiba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 26 ya Mkataba huo yataka huduma za utengamao zianze mapema iwezekanavyo, na zihusishe afya, kazi, elimu na ustawi wa jamii kwa pamoja. Kwa hiyo mwalimu ametajwa, hata kama hakutajwa kwa jina.

Sasa natupige hesabu. Tuseme mtaalamu wa fiziotherapia humwona mtoto kwa nusu saa kila juma, jambo ambalo kwa wengi ni bahati. Mtoto huyo huyo yuko mbele ya mwalimu kwa saa tano kila siku, yaani saa 25 kwa juma. Ikiwa nusu saa moja ananyooshwa mgongo, na saa 25 anaachwa amejikunja pembeni mwa dawati, ni dhahiri kwamba dawati litashinda. Hapo ndipo ulipo wajibu wetu.

Chukua mfano wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Jeraha lililo katika ubongo wake haliongezeki, lakini misuli na maungio yake hubadilika kadiri anavyokua. Akikaa vibaya mwaka hata mwaka, misuli hufupika na maungio hukakamaa, na mkono ambao ungeweza kuandika hupotea. Mtoto huyu ahitaji kiti kitakachomwezesha kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili, magoti na nyonga zikiwa zimekunjwa sawasawa, na meza iliyo kwenye kimo cha viwiko vyake.

Huenda mtu akauliza, kiti hicho kitatoka wapi? Kariakoo haina uhaba wa maboksi ya karatasi ngumu. Maduka huyatupa kila jioni. Nchini Zimbabwe, Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza samani kwa karatasi hizo: tabaka juu ya tabaka, zikigandishwa kwa uji wa unga, kisha zikaanikwa juani hadi zikawa ngumu kama ubao. Wako watoto wengi waliotengenezewa viti kwa ufundi huo. Katika vyuo vyetu tunatumia saa nyingi kutengeneza zana za kufundishia za kubandikwa ukutani. Kiti cha mtoto nacho ni zana ya kufundishia.

Mifano mingine haihitaji hata karatasi. Wakati wa uji, mtoto alishwe akiwa amekaa wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, kwa maana anayelishwa akiwa amelala chali yumo katika hatari ya kupaliwa. Mpini wa kijiko ukizungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli huwa mnene, na mkono dhaifu huweza kuushika. Mtoto asiyeona naye ahitaji vidole vyenye nguvu ili abonyeze vitufe sita vya nukta katika mashine ya kuandikia nukta nundu. Kukamua nguo, kukanda unga na kubambua maharage humwandaa kwa kazi hiyo. Somo la hesabu laweza kumpeleka sokoni pamoja na mwalimu wake: apapase mchanga wa njia kwa fimbo nyeupe, asikilize mikokoteni kabla ya kuvuka Mtaa wa Msimbazi, anunue nyanya na kuhesabu chenji. Hapo amejifunza hesabu, na amejifunza kutembea.

Wapo watakaopinga kwamba mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana muda. Malalamiko hayo yana uzito, na anayeyapuuza hajapata kufundisha darasa la mjini. Lakini sehemu kubwa ya mambo niliyoyataja si kipindi cha ziada. Mtoto atakaa vyovyote vile. Suala ni akae namna gani. Atakula vyovyote vile. Suala ni ale namna gani.

Wengine watahofu kwamba mwalimu ataingilia taaluma isiyo yake. Hofu hiyo ni ya haki, na mpaka hauna budi kuwekwa. Mwalimu asinyooshe kwa nguvu kiungo kilichokakamaa. Asibuni mazoezi kutoka kichwani mwake, wala asimwachishe mtoto dawa au vifaa alivyopewa. Mtaalamu ndiye apimaye na kuelekeza. Mwalimu hutekeleza, huona mabadiliko, na humpa taarifa.

Ili ushirikiano huo uwepo, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanachuo apate angalau siku moja ya kumtazama mtaalamu wa utengamao akiwa kazini, ama Muhimbili, ama CCBRT Msasani, ama katika hospitali iliyo karibu na chuo chake. Si haki kuuacha ujuzi huu kwa wenzetu wanaosomea elimu maalumu Patandi peke yao, kwa kuwa mtoto mwenye ulemavu huandikishwa pia katika shule ya kawaida. Pili, kila mtoto awe na daftari moja litakaloandikwa na mtaalamu, mwalimu na mzazi, ili maagizo yasipotee njiani. Tatu, walimu wakuu waombe wataalamu waje shuleni kwa ratiba, badala ya mama kumbeba mgongoni mtoto wa miaka minane na kupigania daladala ili akapate nusu saa ya mazoezi.

Ndugu walimu-wanafunzi, mtakapopangiwa vituo, chunguzeni siku ya kwanza kabisa ni mtoto gani aliyekaa vibaya, na kwa sababu gani. Kisha mwulizeni mzazi wake ni nani anayemtibu.