Magunia ya kahawa yanahesabiwa, watoto je?

Vijana wenzangu, tuanze na jambo ambalo kila mtu wa Kalinzi analijua. Msimu wa kahawa ukifika hakuna gunia linalopotea kwenye hesabu. Kilo zinaandikwa, risiti inakatwa, na ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara, unaingia halmashauri. Ukitaka kujua kahawa imetoka kiasi gani, karatasi ipo.

Sasa uliza swali la pili: kijiji chetu kina watoto wangapi wenye ulemavu waliofikia umri wa kwenda shule, na wangapi kati yao hawapo darasani?

Niliwahi kuuliza swali hili kwenye mkutano wa kijiji kimoja, jina nalihifadhi. Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akatazama chini. Mzee mmoja aliyekaa nyuma ndiye aliyetusaidia: "Wapo, lakini wako nyumbani." Watu wakacheka kidogo, ajenda ikaendelea. Mimi sikucheka, maana jibu la yule mzee ndilo tatizo lote lilipo.

Fedha za shule zinafuata jina lililoandikwa. Tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi inapigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ni ndogo, tunajua. Lakini hata hiyo ndogo inahesabiwa kwa mwanafunzi aliyeandikishwa. Mtoto kiziwi aliyebaki nyumbani kuchunga mbuzi, au yule asiyeweza kutembea anayeshinda mkekani, thamani yake kwenye bajeti ni sifuri. Hadai dawati, hadai mwalimu, hadai choo. Na kwa sababu hajadai, mwaka unaofuata wataalamu wanasema "hakuna uhitaji". Mnaona mchezo ulivyo?

Ukiwabana utapata majibu matatu. Tuyapitie moja moja.

La kwanza: "Wazazi wanawaficha." Jamani, tuwe na adabu kidogo. Huu ni mkoa ambao watu bado wanaikumbuka miaka ya 2007 hadi 2009, watoto wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa kama wanyama katika Kanda ya Ziwa na huku kwetu. Wakati ule kumficha mtoto kulikuwa kumwokoa. Na leo, mama anayemwacha mtoto wake ndani akiwa shambani hafanyi hivyo kwa ushamba. Amepiga hesabu: shule haina njia ya kupita kiti cha magurudumu, mwalimu ana darasa lililofurika na hajui lugha ya alama, na mtoto akijisaidia kwenye nguo atachekwa. Mjengee mama huyo darasa la kumpokea mtoto wake, halafu ndiyo umlaumu asipomleta.

La pili: "Si kuna Kabanga?" Ni kweli, kule Kasulu ipo shule ya Kabanga, iliyowapokea watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi wakati ambapo wengi hawakuwa na pa kukimbilia. Waliowalea pale tunawaheshimu. Lakini Kabanga ilikuwa kimbilio. Isigeuzwe kisingizio cha halmashauri nyingine kukaa tu. Mtoto wa miaka 7 akipelekwa wilaya nyingine na kumwona mama yake likizo kwa likizo, hapo tumemhamisha, hatujamhudumia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Sheria hiyohiyo inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu hawa. Hatuombi hisani.

La tatu: "Tunatoa asilimia 2." Hapa ndipo vijana wengi tunapigwa chenga. Asilimia 2 ni sehemu ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mikopo. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na ni haki ya watu wazima wanaofanya biashara. Mtoto wa darasa la kwanza hakopi. Mkopo wa cherehani ni mzuri, ila haumfundishi mtoto asiyeona kusoma nukta nundu.

Wakimaliza hayo watasema fedha hakuna. Lakini mahitaji ya watoto hawa hayalingani. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi anahitaji kukaa mbele karibu na ubao, maandishi makubwa, kofia na shati la mikono mirefu. Hiyo haihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Njia ya mteremko mlangoni ni mifuko michache ya saruji na fundi wa hapahapa. Gharama kubwa ni mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wanaotoka Chuo cha Patandi kule Arusha. Huyo halmashauri inapaswa kumuomba kwa maandishi, na huwezi kumuomba mwalimu wa watoto ambao hujawahesabu.

Kwa hiyo madai yetu ni matatu. Kila kijiji kiwe na hesabu ya watoto hawa, idadi isomwe hadharani, majina yabaki siri. Kila kata iwe na angalau shule moja yenye kitengo cha elimu maalumu na mwalimu wake. Na bajeti ya mapato ya ndani iwe na fungu lake lenye jina, siyo kufichwa ndani ya "mengineyo".

Na sisi tusijitoe. Ni mara ngapi wagombea wetu wamesimama jukwaani wakataja lami, umeme na kahawa, wakashuka bila kumtaja mtoto huyu? Tukipata diwani kesho naye akasema "wapo nyumbani", tutakuwa tumebadilisha kofia tu.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Usiende pale kupiga kelele wala kusubiri mapato na matumizi yasomwe ndipo uzomee. Nenda na daftari. Kabla ya siku hiyo tembelea nyumba za jirani, salimia, kaa, omba ruhusa ya mzazi, sikiliza. Usipige picha ya mtoto wa mtu kuweka kwenye status. Andika idadi tu. Halafu siku ya mkutano nyoosha mkono, taja idadi hiyo, na uombe iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Kikiandikwa pale kitapanda hadi kata, na diwani atakibeba hadi halmashauri. Asipokibeba tutajua kilipokwamia.

Wanasema Kigoma ni mwisho wa reli. Sawa. Lakini yule mtoto aliyeko mkekani hajawahi kufika hata kwenye geti la shule, na shule yenyewe anaiona kutoka mlangoni kwao.