Kabla ya kusema kompyuta imekufa, pima waya

Maneno juu ya lori la Ruziba yamekuwa mengi, na kila mtu anasimulia yake. Sisi tulikuwepo. Wengi wetu tulitoa pesa, na mmoja wetu alitoa zaidi ya pesa. Basi tuandike ilivyokuwa, kisha tuseme tunachofikiri.

Lori ni la zamani, linabeba mchanga na matofali kwenye barabara ya Rumonge. Mwenyewe ni mzee wa hapa, Mrundi, mtu mwema kwetu. Vijana wetu sita wanakula kupitia lori hilo, mmoja msaidizi wa dereva na watano wa kupakia. Likilala, sufuria nyingi zinalala.

Kama magari mengi ya Bujumbura miaka hii ya uhaba wa mafuta, likakaa wiki kadhaa limeegeshwa tu. Siku mafuta yalipopatikana, likagoma. Staata inazunguka kivivu, injini inashika kidogo, halafu inazima. Fundi akaja, akachomeka skana, ikatoa hitilafu kumi na moja kwa mpigo. Akaangalia ile orodha, akasema: "Kompyuta ya injini imekufa. Leteni ingine."

Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Imekufaje? Nani aliigusa? Macho yote yakamgeukia msaidizi wa dereva, maana ndiye anayelala ndani ya lori na ndiye aliyeosha injini mara ya mwisho. Kwanza wakasema ameingiza maji. Kesho yake maneno yakakua: eti ameuza kompyuta nzima na kuweka mbovu. Hakuna aliyeleta ushahidi. Alikuwa mkimbizi, alikuwa karibu, ikatosha. Akafukuzwa.

Mzee hakuwa na pesa yote, nasi tukamwongezea kutoka likelemba yetu, akiba ya miezi minane, kwa makubaliano atulipe kidogo kidogo. Kompyuta ya mtumba ikanunuliwa, ikasafiri na basi kutoka Dar es Salaam. Ikafungwa. Lori kimya, safari hii hata ule mngurumo mdogo haukuwepo. Muuzaji akasema vitu vya umeme vikishafunguliwa havirudishwi.

Ndipo mtu akakumbuka kuna papa mmoja kutoka Uvira, aliyefanya umeme wa mabasi miaka mingi kabla hajavuka mpaka. Alikuja bila skana, na mita yake ya kupimia umeme mfukoni, ya zamani, imefungwa kwa utepe mweusi. Kitu cha kwanza aliuliza: "Betri mlizipima?" Hatukuzipima.

Lori hilo linatumia betri mbili za volti 12 zilizoungana kuwa 24. Zikiwa zimejaa na gari imetulia, mita inatakiwa kusoma zaidi ya 25. Zetu zilisoma 23 na kitu. Staata ilipopigwa, zikashuka chini ya 16. Papa akacheka: "Hata wewe, usipokula wiki tatu, nikikuuliza jina lako unaweza kukosea." Kompyuta isiyopata umeme wa kutosha inatoa hitilafu ambazo hazipo.

Halafu akaweka mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, staata ikiwa inazunguka. Hapo unatakiwa kusoma karibu na sifuri. Ikasoma karibu volti 3. Waya wa masi unaounganisha chasisi na injini ulikuwa umelika kwa kutu chini ya bolti. Kwa nje ulionekana mzima kabisa.

Akasafisha masi, betri zikachajiwa, akarudisha kompyuta ileile ya zamani. Hitilafu nyingi zikapotea, ila injini bado inazima. Sasa akaanza na sensa. Kompyuta inazipa sensa kadhaa volti 5 kupitia njia moja, na waya wa sensa moja ukigusa chuma, njia yote inaanguka na sensa zote zinaonekana mbovu pamoja. Papa akachomoa moja moja huku akiangalia mita. Alipochomoa ile ya mgandamizo wa hewa, volti 5 zikarudi. Waya wake ulikuwa umesuguliwa na kipande cha bati mpaka ukabaki mtupu. Akaufunga, akaupitishia mahali pengine. Lori likawaka.

Skana haikudanganya. Ilisema kile ambacho kompyuta inaona, haikusema kwa nini inakiona hivyo. Kazi ya kujua kwa nini ni ya fundi, na hiyo kazi haikufanywa.

Hatusemi kompyuta ya injini haifi. Inakufa. Maji yanaingia kwenye plagi, na sisi tunaokaa karibu na ziwa tunaijua kutu ya kijani. Mtu anachomelea bodi bila kuondoa waya za betri na kuchomoa plagi za kompyuta. Mwingine anafunga betri kinyume. Lakini ili useme imekufa, lazima kwanza ujue kwamba umeme unaifikia, masi ni safi, fyuzi na relei ni nzima, waya haziguswi na chuma, na bado imenyamaza.

Na hata ikiwa kweli imekufa, kuibadilisha si kama kubadilisha taa. Namba zilizo kwenye lebo zifanane zote, maana kompyuta mbili zenye sura moja zinaweza kubeba programu tofauti. Kwenye magari mengi kompyuta inaujua ufunguo wake, ukileta ya gari ingine inakataa kuwasha mpaka ipangwe upya. Nyingine zimehifadhi ndani namba za nozeli. Kwa hiyo ile ya zamani usiitupe wala kuiuza chakavu, kumbukumbu zake zinaweza kuhamishwa na fundi mwenye vifaa. Na kabla hujatoa pesa, muuzaji akubali kwa maandishi kwamba isipofanya kazi inarudi. Sisi hatukufanya hivyo, tuchekeni.

Kuna wakubwa wanaosema dawa ni kurudi kwenye malori ya zamani kabisa, yasiyo na kompyuta. Tunawaelewa, ila hayo yanaisha. Mercedes Actros ilianza kuuzwa 1996, na tangu mwanzo injini yake inaongozwa na kompyuta. Hayo ndiyo yanayoitwa ya zamani leo.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa tunaongea na ninyi. Mnafundisha vijana umakanika, na tunashukuru. Mwisho wa mafunzo kijana anapewa cheti na sanduku la spana. Tunaomba ndani ya sanduku muweke mita, na ndani ya ratiba wiki za kutosha za umeme wa gari: betri, masi, kusoma mchoro wa waya. Mita ya kawaida ni bei ndogo sana ukilinganisha na kompyuta moja ya mtumba. Na si faida ya gereji peke yake. Lori la maji likikwama, sisi tunaojitolea kambini ndio tunaosimama mbele ya mama wenye madumu matupu tukitafuta la kusema.

Nanyi vijana wenzetu mnaojifunza ufundi, fundi mkubwa akisema "kompyuta", mwulizeni kwa heshima: masi imesoma ngapi? Akikasirika, mmeshajua jibu.

Ile kompyuta tuliyonunua iko kwenye rafu nyumbani kwa mzee, imefunikwa na gazeti. Ameanza kuturudishia pesa, amelipa mara mbili. Yule msaidizi wa dereva bado hajarudi kazini, yuko Kanyosha anabeba mizigo sokoni. Mzee anasema mlango uko wazi, aje tu. Sisi tumemwambia hapana, papa, walikuwepo watu wengi siku alipoitwa mwizi. Nenda wewe Kanyosha ukamwite, na wengi wawepo wasikie.