Rangi na Karatasi kwa Wagonjwa wa Silanga

Katika jamii yetu mwenye maradhi ya akili hupewa jina kabla hajapewa dawa. Huitwa mwendawazimu, kichaa au chizi; na hapa Nairobi yatosha kumwambia mtu kwamba mahali pake ni Mathari, naye ataelewa kuwa ametukanwa. Neno wazimu lenyewe ni la ukoo mmoja na mzimu, yaani ugonjwa umekwisha kukabidhiwa pepo kabla muuguzi hajafungua faili. Mimi ni mwanaisimu wala si tabibu, lakini hapa ndipo taaluma yangu inapokutana na ya wauguzi.

Zamani mgonjwa wa muda mrefu alikuwa yule aliyezeekea wodini Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910. Siku hizi wengi hutulizwa kwa dawa, wakarudishwa kwao. Tumchukue mgonjwa wa skizofrenia wa Silanga, kijiji cha Kibera kilicho karibu na Bwawa la Nairobi. Kwao ni chumba kimoja cha mabati. Kumrudia daktari Mathari ni kuvuka jiji hadi Barabara ya Thika, na nauli ni ya kukopa. Akifika huulizwa yale yale: unalala? unakula? unasikia sauti? Hujibu ndiyo au la, akapewa dawa, akaondoka. Mwaka waweza kupita bila mtu kumsikia akitamka sentensi tatu mfululizo.

Ndiyo sababu naunga mkono tiba ya sanaa ya vikundi ikiongozwa na wauguzi. Wagonjwa sita au wanane huketi meza moja, wakachora au kufinyanga udongo, kisha kila mmoja huonyesha kazi yake na wenzake humwuliza. Tazameni kinachotendeka kisarufi. Swali si tena "Una nini?" bali "Mbona nyumba hii haina mlango?" Kiima cha sentensi ni nyumba, si mgonjwa. Akisha kujificha nyuma ya nyumba hiyo, mtu aliyenyamaza siku nyingi aweza kusema, tena kwa lugha aipendayo, iwe Kinubi, Kidholuo, Kikamba au Sheng.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1946 mchoraji Edward Adamson alianza kazi na wagonjwa wa hospitali ya Netherne, Uingereza. Na mwaka huo huo daktari Nise da Silveira, aliyekataa kuwatibu watu kwa mishtuko ya umeme, alianzisha karakana za sanaa hospitalini huko Rio de Janeiro.

Wapo watakaonikumbusha uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa Uingereza na Ireland ya Kaskazini kwa wagonjwa 417 wa skizofrenia. Waliopangiwa vikundi vya sanaa hawakupata nafuu kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Sioni sababu ya kuuficha. Anayeinadi sanaa kama dawa ya kuponya hana tofauti na waganga wa mabango ya barabarani. Lakini katika uchunguzi huo mahudhurio yalikuwa haba, na kikundi kisichohudhuriwa hakimfai mtu. Kwa hiyo kikundi kimfuate mgonjwa Silanga, asilazimishwe kuja, wala asipunguziwe hata kidonge kimoja kwa kisingizio cha penseli za rangi.

Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezitwika kaunti wajibu wa huduma hizi. Kaunti ya Nairobi ianze kwa muuguzi mmoja, na walimu wa Kibera watoe darasa moja Jumamosi alasiri, madawati yakiwa matupu. Wanafunzi wa sanaa wa vyuo vikuu nao waje, lakini waje kuchonga penseli na kusikiliza, si kusahihisha michoro. Na picha yoyote isibandikwe ukutani bila idhini ya aliyeichora. Vyumba vya Silanga vimebanana, na jirani hakawii kutambua ni mkono wa nani.