Hedi Akisema "Huyu ni wa Spesho, Hatumwezi": Maneno ya Sheria Kila Kijana wa Kilifi Anafaa Kujua

Kuna sentensi moja ambayo mzazi huku Pwani akiiskia, mara nyingi hugeuza njia na kurudi nyumbani bila kuuliza swali: "Mama, huyu ni wa spesho, sisi hapa hatumwezi." Husemwa kwa upole, saa zingine hata kwa huruma. Hakuna kelele, hakuna matusi. Mathe anashika mkono wa mtoto, anatafuta boda, na mwaka mwingine unaisha mtoi akiwa kwa boma akiangalia wenzake wakipita na yunifomu.

Wewe ndio uko na simu na bando kwa hiyo familia. Wewe ndio utaambiwa, "Hebu angalia huko kwa mtandao, sheria inasema aje?" Na ukiangalia vibaya utarudi na jibu la nchi ya watu. Wacha tuchanuane mapema, juu kwa hii story neno moja linaweza kuamua kama mtoi ataingia darasani ama atarudi keja.

TikTok ya Marekani haifiki Malindi

Ukitafuta mambo ya elimu na ulemavu mtandaoni, utaangushiwa IEP, 504 na IDEA. Zote ni za ukweli, lakini mbili kati ya hizo ni za Marekani tu. 504 ni nambari ya kifungu cha sheria yao ya 1973. IDEA ni jina la sasa la sheria iliyoanza 1975, ile iliyolazimisha shule za umma huko kufundisha watoto wenye ulemavu. Chini ya hiyo IDEA, IEP ni karatasi yenye nguvu: mzazi anakaa meza moja na walimu, wanaandika mtoto atasaidiwa vipi, na shule ikipuuza kuna mahali pa kuishtaki.

Hapa kwetu IEP pia iko. Ni mpango wa mtoto mmoja: anaanzia wapi, anaenda wapi, atafikaje. Walimu wanaosomea kazi hii KISE, ile taasisi ya serikali pale Kasarani, Nairobi, wanaijua vizuri. Lakini ukiingia ofisi ya hedi huko Magarini na kupiga meza ati unataka "504", atakuangalia tu.

Silaha zako hapa ni nne: Katiba ya 2010, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Kenya iliuridhia 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025. Hii ya mwisho Rais Ruto aliitia saini Mei mwaka huo na ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Waliosukuma mswada Seneti ni Crystal Asige, mwanamuziki aliyepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya glakoma, pamoja na Danson Mungatana, seneta wa majirani zetu wa Tana River.

Jina si kitu kidogo

Kifungu cha 54 cha Katiba kinaanza na heshima: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchukuliwa kwa utu, na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Kwa hivyo mwalimu akimwita mtoto "zezeta" ama "taahira" mbele ya darasa, hiyo imepita utani. Ameenda kinyume na Katiba.

Kiswahili chetu pia kiko na kesi ya kujibu. Skiza: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Yote yanaanza na ki-, kama kiti na kikombe. Ndiyo maana siku hizi wengi husema "mtu asiyeona" ama "mtu mwenye ulemavu", mtu anatangulia. Lakini usikimbilie kumrekebisha kila mtu. Viziwi wengi hawana shida na jina lao, na kule Tanzania chama chao chenyewe kinaitwa Chama cha Viziwi, CHAVITA. Wanajiona watu wenye lugha yao. Form ni rahisi: uliza mwenyewe anataka aitwe nani.

Kuna majina mengine huku kwetu yanaficha shida. Mtoto akishtuka na kukakamaa, utaskia ni dege, ama nyuni, ama amechezewa. Sasa angalia hii. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, pale pale Kilifi, walipima watoto wa miaka 6 hadi 9 mashinani, zaidi ya 10,000, na wakachapisha matokeo 2006. Kati ya kila watoto 1,000, takriban 61 walikuwa na tatizo la neva la wastani ama kali, na lililoongoza lilikuwa kifafa. Yaani wengi wa hawa watoi ukiwaona barabarani utasema wako sawa. Hawana fimbo wala kiti cha magurudumu. Wanaanguka darasani siku moja, wenzao wanatoroka, na mzazi anaambiwa "mpumzishe kwanza". Nyuni haina mahali pa kujazwa kwenye fomu. Kifafa kinapo, na hospitalini kina dawa.

Spesho, yuniti na jumuishi ni vitu vitatu

Hedi akisema "spesho", muulize anamaanisha nini, juu hapo ndipo watu huchanganywa.

Shule maalum ni shule nzima ya watoto wenye ulemavu, na mara nyingi ni ya bweni. Kilifi tuko na Shule ya Viziwi ya Kibarani karibu na mji, na Sahajanand pale Mtwapa. Ukivuka hadi Mombasa kuna Likoni ya wasioona na Port Reitz ya wenye ulemavu wa viungo.

Yuniti ni darasa maalum ndani ya shule ya kawaida. Geti moja, paredi moja, lakini masomo kando.

Elimu jumuishi ni mtoto kukaa darasa moja na wengine, halafu shule ndiyo inajipanga kumfikia. Sera ya serikali ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inaelekea huko.

Hakuna moja hapo iliyo mbaya yenyewe. Kwa mtoto kiziwi, Kibarani inaweza kuwa mahali pa kwanza anakutana na watu wanaobonga lugha yake, na Lugha ya Ishara ya Kenya iko kwa Katiba na hutahiniwa na KNEC. Lakini kumtoa mtoi wa miaka sita Bamba ama Marafa akalale bwenini mbali na mamake ni uamuzi mzito, na hauwezi kufanywa kwa dakika mbili mlangoni pa ofisi.

Katiba imeweka kipimo. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kusoma katika taasisi zilizochanganyika na jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Soma tena hapo mwisho: maslahi yake. Raha ya shule, mean score ya shule, uchovu wa mwalimu, vyote haviko kwa hiyo sentensi.

Halafu uliza mkondo. Kwa mtaala wa sasa kuna mkondo wa umri, ambapo mtoto anapanda gredi kama wengine, na mkondo wa hatua, unaolenga kujitunza, kuwasiliana na ujuzi wa kazi. Mtoto asiyeskia lakini kichwa kiko moto akiwekwa mkondo wa hatua kwa sababu tu hakuna mwalimu wa ishara, amepunguziwa maisha na hakuna aliyemuuliza.

Tathmini ziko mbili

Hapa ndipo wazazi huchoka na kuacha. Wanapimwa mahali pamoja, wanadhani wamemaliza, wanarudishwa.

Tathmini ya elimu hufanywa na EARC, vituo vya serikali vilivyoanza 1984 kwa msaada wa Denmark. Hiyo inajibu swali: huyu mtoto anajifunza vipi, na anahitaji nini shuleni?

Tathmini ya hospitali ya serikali ni ile inayoelekea kwa kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Hiyo inajibu swali lingine: ana ulemavu gani, wa kiwango gani?

Kadi haikupi nafasi shuleni, na ripoti ya EARC haikupi kadi. Tafuta zote mbili, piga picha kila karatasi, na uweke nakala kwa simu.

Na hakuna hata moja ambayo ni tiketi ya kuingia shule. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na ulemavu umetajwa hapo kwa jina. Shule ya umma ikimpa mtihani wakati wa kumpokea, unafaa kuwa wa kujua akae darasa gani, si wa kuamua kama ataingia.

"Hatumwezi" kisheria inaitwaje?

Neno kubwa hapa ni marekebisho yanayofaa. Kwa ule mkataba wa kimataifa, maana yake ni mabadiliko ya lazima yanayomwezesha mtu kufaidi haki kama wengine, bila kumbebesha mwingine mzigo kupita kiasi. Kumhamishia mtoto wa kiti cha magurudumu darasa la chini. Kumkalisha mbele asiyeona vizuri. Kumpa muda wa ziada kwenye mtihani. Mwalimu kujua afanye nini mtoto wa kifafa akianguka. Nyingi ya hizi hazitaki ganji ya maana. Na mkataba unasema wazi kwamba kunyima marekebisho kama hayo ni ubaguzi.

Angalia pia tulikotoka. Sheria ya 2003 ilisema shule isimnyime mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu peke yake, lakini ikaongeza sharti: kama ana uwezo wa kujifunza kozi hiyo vya kutosha. Hiyo "kama" ilikuwa mlango wa nyuma. Nani alipima huo uwezo? Mara nyingi ni yule yule aliyekuwa hataki kumpokea. Sheria hiyo sasa imeondoka, lakini mazoea hayafutwi na sahihi ya Rais. Ndiyo maana "hatumwezi" bado inaskika.

Tuwe fea, hedi naye hajaketi pazuri. Darasa limejaa, hana mwalimu wa ishara, choo hakina njia ya kiti cha magurudumu. Walimu huletwa na TSC, pesa zinatoka Nairobi. Kaunti ya Kilifi nayo jukumu lake kwa Katiba ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, kwa hivyo kumpigia gavana kelele kuhusu shule ya msingi ni kugonga mlango usio wake.

Lakini hata "hakuna pesa" ina jibu. Kifungu cha 20 kinasema serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama ya elimu, ni juu ya serikali kuonyesha kwamba kweli haina. Mzigo wa kuthibitisha hauko kwa mathe.

Form ni gani?

Ukibaki na kitu kimoja tu, baki na hiki: Kifungu cha 47. Ofisi ya umma ikifanya uamuzi unaogusa haki yako vibaya, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Basi sentensi ya kumfunza mamako, shangazi ama jirani ni hii, kwa adabu zote za Pwani: "Sawa mwalimu, nimeskia. Naomba uniandikie hivyo, na sababu, uweke sahihi."

Hapo mambo mawili yanaweza kutokea. Ama nafasi inapatikana ghafla, ama unatoka na karatasi. Karatasi hiyo unapeleka kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, ukikwama unaenda NCPWD ama Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Hata hedi mwenyewe inamsaidia, juu sasa kuna ushahidi kwamba shule yake inahitaji mwalimu.

Na ikifika mwisho kabisa, Malindi kuna Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya asiyeweza kujiendea, na kinasema kufungua kesi ya aina hiyo hakulipishwi ada.

Maneno ya upole hayaachi alama, na mtoto aliyerudishwa kwa mdomo haonekani kwenye rekodi ya mtu yeyote. Kwa hivyo tuma hii kwa grupu ya familia, halafu uulize swali moja: kwetu kuna mtoto gani hajaenda shule, na nani alisema hawezi?