Bwana Msa Hana Hatia

Miongoni mwetu walimu wa Kiswahili wa Bujumbura huzuka mara kwa mara mabishano juu ya vitabu vinavyostahili kuingia darasani, na kila yanapozuka mshitakiwa wa kwanza huwa ni yule yule: Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja, mwenye kiko mdomoni na fumbo ulimini. Wasomaji wake humpenda. Walimu wao humshuku. Kijana wa Buyenzi akikutwa na kitabu chake huulizwa kama amemaliza kusoma "vitabu vya maana". Makala haya yanakusudia kuyapima mashitaka hayo moja baada ya jingine, na kuonyesha kwamba mshitakiwa hana hatia, na kwamba kosa, kama lipo, liko karibu zaidi na meza ya mwalimu.

Kwanza tumtaje mwenye kazi. Marehemu Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti, na kuanzia 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima huko Tanganyika, nchi iliyokuja kuwa Tanzania. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata ushindi katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Wakati huo Shaaban Robert alikuwa angali hai, na Burundi yetu ilikuwa imebakiza miaka miwili kupata uhuru wake. Vikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Hivyo ni vitabu saba vya mtu mmoja juu ya mpelelezi mmoja. Anayetaka kuvitupa vyote kwa neno moja, "burudani", hana budi kuleta hoja yenye uzito wa vitabu saba.

Shitaka la kwanza ni la mwigo. Wasema: Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu, kiko ni cha Holmes, na Najum, rafiki yake, ni Watson wa Kiunguja. Kwamba Abdulla alijifunza kwa Conan Doyle, hapana shaka. Lakini Doyle naye, alipomleta Holmes duniani mwaka 1887, alikuwa amejifunza kwa Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyetangulia kwa zaidi ya miaka arobaini. Na sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunamjua vema Georges Simenon, Mbelgiji wa Liège, ambaye mpelelezi wake Maigret, aliyeanza kutoka vitabuni mwaka 1931, naye hatoi kiko mdomoni. André Gide alimsifu Simenon, na mwaka 2003 kazi zake ziliingizwa katika Pléiade, maktaba ya heshima kuu ya Wafaransa. Sijapata kumsikia mwalimu wa Bujumbura akimwita Maigret mwigo. Kiko cha Maigret ni fasihi. Kiko cha Bwana Msa ni wizi! Iweje? Mizani hii ina jiwe lililofichwa chini ya sahani, na jiwe hilo ni ile dharau ya zamani tunayoifanyia lugha yetu wenyewe huku tukidai kuitetea.

Tena mwigo hupimwa kwa kile mwigaji alichokifanya na alichokiokota. Mzimu, Giningi, methali, nasaba zilizofichika, mazungumzo ya barazani: hayo hayakutoka London. Mwandishi alichukua imani ambazo watu wa kwao walizijua tangu utotoni, akamweka mtu mbele yake aulize: kweli mzimu umeua, au yuko mtu aliyejificha nyuma ya mzimu? Swali hilo halihitaji pasipoti. Linaeleweka Makunduchi, na linaeleweka Buyenzi, mahali ambapo kifo cha ghafla bado hakikosi kupewa mchawi kabla hakijapewa daktari.

Shitaka la pili ni kicheko. Wako wasemao kwamba riwaya ya mauaji inayochekesha haijui inataka nini, na kwamba mwanafunzi akicheka hajifunzi. Wahakiki wengi wa miaka ya 1970, baada ya Azimio la Arusha la 1967, walikuwa na dai la namna hiyo lenye uzito zaidi: walitaka riwaya ionyeshe mgongano wa matabaka, wakaona fumbo la mauaji linamshughulisha msomaji na nani aliyeua hata asahau kuuliza nani anayenyonya. Dai hilo tuliheshimu. Riwaya hizi hazikuandikwa kubomoa nyumba ya matajiri. Mara nyingi huingia ndani yake, zikasafisha chumba kimoja na kufunga mlango.

Lakini kicheko chake kina kazi, na mwalimu asiyeiona kazi hiyo hajakisoma kitabu kwa makini. Najum ana haraka; husikia neno moja akamaliza kesi. Msomaji humcheka. Kurasa chache baadaye msomaji hugundua kwamba na yeye alikuwa amemaliza kesi pamoja na Najum, na kwamba kidokezo kilipita mbele ya macho yake wakati ule ule alipokuwa akicheka. Basi arudi nyuma, asome upya, apime kila neno: nani alisema nini, wakati gani, mbele ya nani. Ndugu mwalimu, ni somo gani jingine la ufahamu lililowahi kumfanya mwanafunzi arudi nyuma kurasa hamsini bila kuamrishwa? Sisi humlazimisha kwa alama. Bwana Msa humrudisha kwa aibu ndogo tamu ya kukosea.

Shitaka la tatu halitoki kwa walimu. Latoka kwa wanafunzi, na kwa hiyo lastahili kusikilizwa kwa adabu zaidi. Wao husema: "Kiswahili hiki ni kigumu. Sisi hapa hatusemi hivyo." Ni kweli. Kiunguja cha Abdulla kimejaa misemo, na Kiswahili cha Buyenzi kina njia zake. Ni lugha iliyokuja na watu wa misafara na biashara za ziwani, ikakaa katika mtaa uliopangwa zama za Wabelgiji, njia zake zikiitwa kwa nambari, ikachanganyika na Kirundi, Kifaransa na Kiswahili cha Kongo ng'ambo ya Tanganyika. Husemwa msikitini, sokoni, na katika magereji ya mafundi wa magari. Wala haikuheshimiwa. Masikioni mwa Warundi wengi neno "Mswahili" limebeba kwa miaka mingi maana ya mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingia shule za msingi mwaka huo huo, mtoto wa Buyenzi alidhani siku yake imefika. Kumbe akaambiwa kwamba lugha aliyokuja nayo ni mbovu.

Hapa ndipo Bwana Msa anapotufaa kuliko kitabu chochote cha sarufi. Mpelelezi huyu hufanya kazi yake kwa masikio. Hamdharau msemaji kwa lafudhi yake, wala hamwamini kwa ufasaha wake, hupima maneno. Mwenye Kiswahili kilichonyooka aweza kuwa ndiye muuaji, na asemaye ovyo ovyo aweza kuwa ndiye shahidi wa kweli. Mtoto aliyeambiwa maisha yake yote kwamba lugha yake ni lugha ya wajanja hukutana hapa na Mswahili ambaye ujanja wake wote umewekwa kuitumikia haki. Ama ule ugumu wa misemo, una dawa: msemo mgumu ukiwa ndani yake kuna kidokezo, mwanafunzi atautafuta maana yake hata kwa bibi wa jirani. Msemo ule ule ukiwa katika orodha ubaoni, ataunakili na kuusahau kabla ya kengele.

Nimelichelewesha shitaka la nne kwa sababu ndilo zito, na walisemao hawasemi kwa utani. Wao huuliza: katika nchi hii, baada ya 1972, baada ya 1993, katika mtaa huu ambao Machi 1995 mauaji yaliuingia pamoja na jirani yake Bwiza, maelfu wakakimbia nyumba zao, inafaaje kumpa kijana kitabu ambamo kifo cha mtu ni mchezo wa kubahatisha? Mwulizaji huenda ni mtu aliyezika, au aliyenyimwa hata maiti ya kuzika. Hatuwezi kumjibu kwa nadharia ya fasihi.

Tumjibu hivi. Katika vitabu hivi, maiti mmoja anapoonekana, kazi nyingine zote husimama. Hakuna asemaye, "Ndivyo mambo yalivyo." Hakuna asemaye, "Wamekufa wengi, huyu ni mmoja." Jina la marehemu hutajwa, huulizwa alikuwa nani, alipendwa na nani, alionekana mara ya mwisho wapi, nani alifaidika kwa kufa kwake. Mkubwa huulizwa, mtumishi huulizwa, na uongo wa mkubwa haupewi kiti kwa sababu ya ukubwa wake. Kisha jibu hupatikana, husemwa wazi mbele ya watu, na mzimu huvuliwa hatia ambayo haikuwa yake. Je, huo ni mchezo na kifo? Mchezo na kifo tumeuona kwingine: ni pale watu walipouawa kwa maelfu na ikakatazwa hata kuuliza.

Mwezi Januari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki huko Karusi, yakatokea mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Nguo, miwani na rozari zilisaidia kuwatambua baadhi yao. Msomaji aliyezoea riwaya ya upelelezi ajua miwani iliyovunjika ina maana gani: kwamba kitu kidogo kilichosahauliwa na muuaji chaweza kumrudishia marehemu jina lake. Kijana wa Burundi anayejifunza kupitia hadithi kwamba kila kifo kina swali, na kila swali lastahili ushahidi badala ya uvumi, hajifunzi upuuzi. Uvumi ndio uliotuua. Najum wa kitabuni, akimtuhumu mtu kwa neno alilolisikia njiani, tunamcheka. Najum wa mtaani, wakati wa fitina, alichukua panga. Heri kijana acheke kwanza ubaya wa kutuhumu kwa pupa akiwa amekaa na kitabu, kabla haujamjia barabarani.

Sasa tuigeukie meza ya mwalimu. Tatizo letu si kwamba wanafunzi hawana maoni juu ya vitabu. Ni kwamba hatuyataki. Tumewazoeza swali moja: "Mwandishi anatufundisha nini?" Nao wamezoea kujibu: "Anatufundisha kwamba uovu haulipi." Sentensi hiyo yaweza kuandikwa na mtu ambaye hajakifungua kitabu. Lakini mwache mwanafunzi yule yule atoke uani, umsikilize akibishana na mwenzake: nani alimdhania kuwa muuaji, kwa nini alikosea, wapi mwandishi alimhadaa, wapi mwandishi alizidisha bahati mpaka haiaminiki. Huo ndio uhakiki. Na akisema kwamba nasaba za Abdulla zimefungamana mno, kwamba maelezo ya mwisho ni marefu, kwamba ndugu waliopoteana wamekuwa wengi kupita kiasi, asikatazwe; aambiwe aonyeshe ukurasa. Bwana Msa mwenyewe asingetaka zaidi ya hapo. Mwandishi aliyeita kitabu chake cha mwisho kuhusu mpelelezi huyo Kosa la Bwana Msa hakuogopa shujaa wake ahukumiwe.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo lisilohitaji fedha ya wizara. Mwalimu achague riwaya moja kati ya hizo saba. Isomwe kwa sauti darasani, sura kwa sura, kwa kuwa nakala ni chache na masikio ni mengi. Ikifika sura kabla ya mwisho, kitabu kifungwe. Kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: amtaje anayemtuhumu, na alete ushahidi mitatu kutoka katika maneno ya kitabu, si katika hisia zake. Asiye na ushahidi asituhumu. Kisha kitabu kifunguliwe. Wengi watakuwa wamekosea, na darasa zima litacheka. Kicheko hicho kisizimwe. Ndani yake kuna watu waliojifunza kubadili mawazo bila kupigana.

Wanaobaki na shaka waulizwe swali moja tu. Kati ya mwanafunzi aliyekariri maudhui ya vitabu kumi asipende hata kimoja, na yule aliyenyang'anyana na nduguye kitabu kimoja chini ya taa mpaka akajua mwisho wake, ni yupi atakayesoma Kiswahili siku atakapokuwa hana mtihani? Atakayelijibu swali hilo kwa haki ataiona hukumu mwenyewe. Mshitakiwa aachiwe, arudishiwe kiko chake, na apewe kiti darasani.