Mahari Yako Ndiyo Mtaji: Mjue Mteja Kabla Hujanunua Mzigo



Leo tunazungumza na bi harusi ambaye mume wake anafanya kazi bara. Wapo dada zetu wengi wanaovuka bahari kuwafuata waume waliopangiwa mikoa ya mbali: walimu, askari, madaktari, watu wa benki. Tumechagua Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, kwa sababu huko mazoea yetu ya visiwani hayatoshi kumwongoza mtu anayetaka kuanza biashara ndogo. Inabidi ajifunze upya nani atanunua, na nani mwengine anaiwania pesa ya mnunuzi huyo.

Kwa nini tunampelekea bi harusi maneno haya? Kwa sababu mtaji wake mara nyingi ni mahari. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao, na pesa ile ni ya mke mwenyewe. Si ya baba, si ya mume, si ya ukoo. Wengi wetu hatutashika tena pesa ya mkupuo mmoja ambayo hatudaiwi na mtu. Inauma kuiona imegeuka maboksi ya udi na mabuibui yaliyododa chini ya kitanda, kwa sababu mwenyewe alijiuliza swali moja tu: "Niuze nini?"

Sisi tunaona swali hilo liwe la mwisho. Kabla yake yapo matatu. Nani atalipa? Pesa anaipata lini? Na nisipokuwepo mimi, pesa hiyo angeipeleka wapi?

"Kila mtu" si mteja

Muulize anayeanza biashara wateja wake ni nani, atakwambia, "Kila mtu." Simiyu ni mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2. Ukisikia hivyo unaona soko halina mwisho. Lakini mteja wako ni yule tu anayeweza kufika mlangoni kwako, ana haja na kitu chako, na siku hiyo ana pesa.

Na pesa ya Bariadi ina kalenda yake. Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa pamba. Wakulima hupanda kuanzia Novemba mvua zikishika, na msimu wa kuuza hufunguliwa karibu na mwezi wa Mei. Mke wa mkulima uliyemuona Februari anahesabu sarafu ni huyo huyo utakayemuona Julai ananunua vitenge na sahani mpya. Wapo pia wanaouza dengu na choroko, nao wana miezi yao.

Mtumishi wa serikali kalenda yake ni nyengine: mshahara ukiingia ananunua, katikati ya mwezi anauliza bei tu. Mama ntilie na muuza mboga wao wana pesa kila siku, lakini ndogo ndogo. Hawa ni wateja watatu tofauti. Kitu kikubwa cha kulipwa mara moja utamuuzia mkulima wakati wa msimu. Cha bei ya kati utamuuzia mtumishi mwisho wa mwezi. Cha kuuzwa kila siku ni lazima kiwe cha bei ndogo. Ukichagua bidhaa bila kuchagua mteja, umejifunga kwenye kalenda usiyoijua.

Kumjua mteja ni pamoja na kujua kinachoweza kumkwamisha. Msimu wa 2019 bei iliyotangazwa nchini ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo ya pamba, halafu bei ya dunia ikashuka. Wanunuzi walisuasua, na wakulima wengi walikaa muda mrefu wakisubiri malipo yao. Fikiria mwenye duka aliyekopesha kwa ahadi ya "nitakulipa pamba ikiuzwa". Kukopesha ni wema, na kumpa muhula mwenye dhiki ni jambo tulilohimizwa. Lakini Qur'ani imetuamrisha pia tuyaandike madeni. Usikopeshe zaidi ya kile ambacho kikichelewa miezi sita bado utaweza kununua mzigo mwengine.

Hina, udi na hesabu za harusi

Sasa tuje kwenye biashara ambayo sote tunaikimbilia. Bi harusi wa Unguja au Pemba anajua kuchora hina, kufukiza udi, kupika halua, kumpamba mwenzake. Kwao anavijua vitu hivi tangu utotoni, hivyo anaona atakuwa peke yake Bariadi na soko lote litakuwa lake.

Kuwa peke yako kuna maana mbili. Yumkini hakuna aliyeifikiria biashara hiyo. Na yumkini walioifikiria waliona hakuna wanunuzi wa kutosha. Wenyeji wengi wa Simiyu ni Wasukuma, na Waislamu si wengi kama kwetu. Kwa hiyo kabla ya kuagiza hina ya kilo nyingi, waulize akina mama wa msikitini: katika mwaka uliopita zimefungwa ndoa ngapi hapa mjini, na mabi harusi walipambwa wapi? Wakikutajia ndoa sita, basi umepata kazi ya siku sita, na kodi ya chumba inalipwa miezi kumi na miwili.

Hatusemi uache hina. Tunasema ihesabiwe kama kazi ya ziada, na mezani pawe na kitu kinachouzika kwa jirani asiyejua udi ni nini. Au mpambe bi harusi yeyote, wa dini yoyote, kwa staha uliyolelewa nayo. Harusi za Wakristo na Wasukuma nazo zina mabi harusi wanaotaka kupendeza, na wateja wako watakuwa wengi kuliko wale wa msikitini peke yao.

Mshindani wako huenda hana duka

Watu wengi wakitafuta mshindani wanamtafuta anayeuza kitu kile kile. Huyo ni rahisi kumuona. Anayewaponyoka ni mshindani asiyefanana nao.

Tuseme unataka kuuza vitumbua na maandazi asubuhi. Utahesabu akina mama wanaokaanga mtaani kwako, uone ni watatu, ujipe moyo. Lakini Usukumani kuna michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa vikawekwa akiba nyumbani, na watu wengi hunywea chai. Viazi hivyo vilishalimwa, vimo ndani, na asubuhi hiyo havigharimu hata senti. Mshindani wako wa kwanza ni viazi vya mteja mwenyewe. Kwa hiyo tafuta wasio na akiba hiyo: wafanyakazi wapangaji, madereva, wanafunzi, watu wa stendi. Kipe kitumbua chako njia ya kuwafikia kabla hawajaingia kazini.

Au tuseme ni mabuibui na mitandio. Duka la aina hiyo huenda usilione mtaani, lakini barabara ya lami inayopita Bariadi inafika Lamadi, na kutoka Lamadi mtu anapanda gari hadi Mwanza. Mke wa mtumishi akitaka nguo ya sikukuu anaisubiri safari ya Mwanza. Au anafungua simu, anachagua picha, na mzigo unamjia kwa basi kutoka Kariakoo. Hao ndio unaoshindana nao, na kwa bei huwawezi. Unachoweza ni kile ambacho Mwanza na simu haviwezi: kumpima, kumshonea, kumrekebishia mkono uliozidi, na kumkabidhi kesho.

Mshindani wa tatu hauzi chochote. Ni ada ya skuli ya Januari, ni mbegu na dawa za shamba, ni michango ya harusi na misiba. Mteja akisema "nitarudi", mara nyingi hajaenda kwa jirani yako. Amekwenda kulipa kimoja katika hivyo.

Utayajuaje haya yote?

Kwa kutembea na kuuliza kabla pesa haijatoka. Jipe wiki nne. Nenda sokoni siku ya kawaida na siku ya mnada, uone watu wanatoka na nini mikononi. Kaa saa moja karibu na stendi asubuhi na saa moja jioni. Andika kwenye daftari umeona nini, kwa bei gani, na nani amenunua.

Ukiuliza, usiulize "ungenunua?" Kila mtu mwenye adabu atajibu ndiyo. Uliza, "Mara ya mwisho ulinunua lini, wapi, na kwa shilingi ngapi?" Aliyekwisha kutoa pesa ana jibu la kweli. Na usiwafanye mashoga na mawifi ndio kipimo chako, maana watasema mashallah kwa mapenzi yao, halafu watataka wapewe kwa bei ya udugu.

Jifunze na salamu. "Mwangaluka" ya asubuhi kwa Msukuma inafungua mazungumzo ambayo Kiswahili chetu cha mjini hakiyafungui. Na kama unaona haya kuingia sokoni, tafuta mwanamke mwenyeji mfuatane. Usimwachie mume akujulie soko. Yeye atakuletea bei, lakini hatajua kwa nini mwanamke mwenzako ameigusa nguo kisha akairudisha.

Hapo hapo Simiyu kuna mfano mzuri. Mkoa ulipohimiza kila wilaya iwe na bidhaa yake, vijana wa Maswa walianza kutengeneza chaki, na Meatu wakasindika maziwa. Itazame chaki. Mnunuzi wake anajulikana kabla haijakauka: ni skuli, zipo kila kata, na zinaitumia kila siku ya masomo. Mshindani wake naye anajulikana: ni boksi la chaki kutoka nje ya mkoa. Hata bi harusi mwenye jiko moja anaweza kufikiri hivyo.

Je, kumchunguza mshindani ni hasadi?

Wapo watakaosema riziki imeshapangwa, na kuchungulia biashara za watu ni hasadi. Hasadi ni kutamani neema ya mwenzio iondoke. Kujua mwenzio anauza nini ni jambo jengine. Mtume, rehema na amani zimfikie, amekataza mtu kumvuta mteja aliyekwisha kupatana na mwenzake. Utaepukaje kumkanyaga mwenzio ikiwa hujui amesimama wapi? Yule mama watatu wa vitumbua huenda ni mjane anayesomesha watoto kwa kikaango kile. Ukiingia na mahari yako ukateremsha bei mpaka akafunga, utakuwa umepata wateja na umempoteza jirani. Ukijua anauza asubuhi, wewe unaweza kuuza jioni.

Tumkumbuke na Abdurrahman bin Auf. Alipohamia Madina, Saad bin Rabii alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Akamuombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, watu waliojulikana kwa ufundi wa dhahabu, na yeye akaanza kwa samli na jibini, vitu vya kuliwa kila siku. Haukupita muda mrefu akaoa, mahari ikiwa dhahabu ya uzani wa kokwa ya tende, na Mtume akamwambia afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Yeye soko lilitangulia, mahari ikafuata. Wewe mahari imetangulia, na soko bado linakungoja ulione.

Kwa hiyo, dada yetu, igawe mahari yako mafungu matatu. Fungu moja linunue mzigo wa kwanza, mdogo, kwa mteja mmoja uliyemchagua. La pili lisubiri mpaka umeona nani amerudi kununua tena. La tatu usiliguse mpaka umepita msimu mmoja wa pamba, kuanzia Novemba ya kupanda hadi Agosti, ujue mji unavyokuwa ukiwa na pesa na unavyokuwa ukiwa hauna.

Mwenyezi Mungu awatilie baraka mabi harusi wetu wote, walio visiwani na walio bara, katika ndoa zao na katika riziki zao za halali. Amin.