Jaribio la mtihani ni matini

Wenzangu wengi wa kitivo hiki, wakishapata lisansi, hawaendi kufundisha. Wanatafuta nafasi katika shule za biashara, hapa Lubumbashi au nje ya nchi, kwa sababu kazi za mji huu ziko katika migodi, benki, ofisi za forodha na makampuni ya usafirishaji, na huko kote mwenye masta ya usimamizi husikilizwa kabla ya mwenye masta ya isimu. Siwalaumu. Ninalotaka kusema linahusu namna wanavyojitayarisha kwa mtihani wa kuingia, na kwa nini naamini matayarisho hayo ni kazi ya watu wa lugha kuliko tunavyokubali.

Njia inayojulikana ni hii. Mtu ananunua fotokopi za maswali ya zamani, anajibu, anafungua ukurasa wa mwisho, anahesabu: 9 juu ya 15. Kesho yake anarudia yaleyale, anapata 13 juu ya 15, analala vizuri. Hiyo 13 haikupima kitu ila kumbukumbu ya jana. Desturi hiyo tumetoka nayo sekondari. Exetat inafanywa tangu 1967, na kila mtu aliyepita humo anakumbuka rundo la itemu lililopita toka kwa kaka hadi kwa mdogo, kurasa zimechakaa, majibu yamezungushiwa kalamu na watu watatu wasiokubaliana. Sidharau kazi ile. Kwa mtihani ambao programu yake inajulikana na maswali yake yanafanana mwaka hadi mwaka, itemu za zamani zinasaidia kweli, na wengi wetu tuko hapa kwa sababu yake.

Mtihani wa shule ya biashara umejengwa kwa namna nyingine. Chukua Tage Mage, ambao shule nyingi za biashara za Ufaransa huutaka kwa wanaoingia wakiwa na lisansi. Una sehemu 6, kila sehemu maswali 15, kila sehemu dakika 20. Ukigawanya, swali moja lina sekunde 80, pamoja na kulisoma. Jibu sahihi linaleta alama 4, jibu baya linaondoa alama 1, na aliyeacha wazi hapati wala hapotezi. Kwa kuwa machaguo ni matano, anayebahatisha gizani, mwisho wa hesabu anabaki palepale alipokuwa: mara moja kati ya tano anapata 4, mara nne anapoteza 1. Lakini aliyeweza kuondoa chaguo moja tu kwa hakika, tayari ana faida ndogo ya kujaribu. Jambo kama hili halifundishwi na ukurasa wa majibu. Linaingia mwilini kwa kufanya mtihani mzima, saa mbili, simu imezimwa, saa iko mezani, mara nyingi kiasi cha kujua wapi wewe mwenyewe huanza kuchoka.

GMAT, wanaoutumia zaidi wale wanaotazama shule zinazofundisha kwa Kiingereza, umebadilishwa: tangu mwishoni mwa 2023 una maswali 64 katika sehemu tatu za dakika 45 kila moja. Unafanywa kwenye kompyuta, na kompyuta hupandisha au kushusha ugumu kufuatana na unavyojibu, kwa hiyo watu wawili waliokaa meza moja hawaoni mtihani mmoja. Wenye mtihani huo hutoa majaribio mawili ya bure. Mawili tu. Nimeona mtu akiyamaliza yote mawili katika wiki ya kwanza, kabla hajafungua hata somo moja, halafu akayarudia mwezi uliofuata na kufurahia alama zilizopanda. Alama za kweli zilikuwa zile za mara ya kwanza. Jaribio ambalo hujaliona ni mali adimu. Ukishalisoma, hulirudishi tena kuwa geni.

Na kuna upande mwingine wa kukusanya maswali, ambao hapa kwetu hatuupendi kuutaja kwa sababu neno lake la mtaani tunalijua sote: fuite. Mwaka 2008 wenye GMAT walifuta alama za watu 84 waliokuwa wamehusika na tovuti iliyoitwa Scoretop, ambako maswali ya mtihani uliokuwa bado unatumika yalibadilishanwa kwa malipo. Wengine kati ya watu wa namna hiyo, naamini, walifikiri wanafanya majaribio kama majaribio mengine. Mtu aliyezoea kuona swali kama kitu cha kupata, si kitu cha kusoma, mpaka wenyewe hauoni vizuri.

Nisieleweke kwamba napinga majaribio. Kinyume chake. Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha mwaka 2006 utafiti ambao walimu wetu wa ufundishaji wa lugha wangefaa kuujadili zaidi. Wanafunzi walisoma matini fupi. Wengine wakaisoma tena, wengine wakaombwa kuandika wanachokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliojaribiwa ndio waliokumbuka zaidi. Kujipima ni kujifunza. Lakini angalia walichojaribiwa nacho: ilikuwa ni kuikumbuka matini yenyewe, si kukumbuka herufi B.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Kwa muda wa miaka miwili, kila Jumamosi, nimekaa na vijana wachache wa Katuba na Kenya wanaojitayarisha kwa mitihani ya namna hii. Kazi yangu ni ndogo: baada ya jaribio, kila mmoja anachukua swali alilokosa na kulieleza upya, bila kulihesabu, kwa Kiswahili. Kile tunachozungumza nyumbani, si cha vitabu. Na karibu kila wiki naona jambo lilelile. Kosa waliloliita la hesabu si la hesabu. Wanajua kugawanya, wanajua asilimia. Hawakusoma kilichoandikwa.

Mfano wa kwanza ni wa wanaoanza. Swali linasema mama mmoja anauza makala sokoni. Alipata faranga 120,000. Kila gunia ni faranga 30,000. Je, habari ya kwanza peke yake inatosha kujua aliuza magunia mangapi, au ya pili peke yake, au lazima zote mbili? Vijana wote walipata 4 kwa haraka ya kupendeza, wakaitafuta 4 kati ya machaguo, hawakuiona, wakasema swali limekosewa. Sehemu nzima ya Tage Mage imejengwa hivyo, na GMAT nao una maswali ya jamii hiyo. Haiulizi jibu, inauliza kama jibu linapatikana. Aliyekaa shuleni miaka kumi na miwili akiambiwa «tafuta» hawezi kuona mara moja kwamba leo anaambiwa «usitafute».

Mfano wa pili ni wa neno dogo. «L'entreprise n'exporte que du cuivre.» Katika mji wa shaba, kijana mmoja alieleza: kampuni haisafirishi shaba. Jicho lilishika «n'» likaruka «que». Nilipomwomba aseme kwa Kiswahili kila neno liko wapi, alisimama mwenyewe: ah, haisafirishi kitu ingine, ni shaba tu. Hali kadhalika «réduit de 8 000» na «réduit à 8 000». Mfuko wa unga wa faranga 40,000 ukishushwa kwa 8,000 unabaki 32,000. Ukishushwa hadi 8,000, mwenye duka amepata wazimu. Kwa Kiswahili hakuna anayechanganya hayo mawili, maana sote tumenunua unga. Kwa Kifaransa, ndani ya sekunde 80, «de» na «à» ni nukta mbili za vumbi.

Mfano wa tatu ndio uliofanya niandike makala haya. «Tous les candidats n'ont pas réussi.» Katika Kifaransa cha kawaida, maana inayokusudiwa mara nyingi ni kwamba wengine walifaulu, wengine hapana. Tafsiri neno kwa neno: bote habakupita. Kwetu hiyo maana yake ni moja: hakuna aliyepita. Tukitaka kusema ile nyingine tunasema «haiko bote balipita», ukanushi unasimama mbele ya «wote», si kwenye kitendo. Kiswahili sanifu kinafanya hivyohivyo: si wote waliofaulu. Kwa hiyo kijana anayefikiri vizuri sana kwa Kiswahili, mwenye mantiki iliyonyooka, anasoma sentensi ile na kuchagua jibu lisilo sahihi kwa sababu ya unyoofu huo. Kanuni ya ukanushi na viashiria vya idadi tunaifundisha hapa kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, kwa mifano kutoka vitabuni, na tunawauliza waitaje jina lake kwenye karatasi. Hatujawahi kumwambia kijana wa Katuba kwamba ndiyo inayomnyang'anya alama 5 kwa swali moja: 4 asizopata na 1 anayoondolewa.

Najua pingamizi. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia: mtihani uko kwa Kifaransa, muda ni mfupi, ukimzoesha mtoto kutafsiri unamchelewesha. Ana haki kuhusu siku ya mtihani. Siku hiyo hakuna nafasi ya kutafsiri. Lakini mimi nasema juu ya siku inayofuata jaribio, siku ya kusahihisha, ambapo saa haipo. Hapo Kiswahili ni kipimo cha kujua kama mtu alielewa au alitambua tu maneno. Mtu anaweza kurudia sentensi ya Kifaransa kwa Kifaransa bila kuielewa hata kidogo; shule zetu zimejaa ustadi huo. Kuisema kwa lugha ya nyumbani bila kuielewa ni vigumu zaidi. Na aliyeikamata «ne… que» mara tano kwa Kiswahili haihitaji tena tafsiri mara ya sita.

Nakubali pia palipo na ukuta. Katika sehemu ya Tage Mage inayopima ufasaha wa Kifaransa chenyewe, mazoezi yangu hayasaidii chochote. Huko anashinda aliyesoma, na vitabu ni ghali, na kijana aliyelelewa katika nyumba yenye rafu ya vitabu vya Kifaransa anafika akiwa ameshatangulia. Hatutaliondoa hilo kwa Jumamosi chache. Lakini mahali ambapo tunaweza kuliondoa, na hatufanyi, panauma zaidi.

Maana tusisahau nani analipa. Ada ya mtihani, fotokopi, usafiri, saa za intaneti: hutoka kwa shangazi anayeuza mikate, kwa kaka anayechimba, kwa likelemba ya mama. Mtihani ukikosekana, nyumba nzima inaamini kwamba kijana «hana akili ya hesabu», naye anaamini pamoja nao. Anaacha. Nimemwona mmoja akiacha, na daftari lake la makosa ninalo bado: kati ya makosa yote aliyoandika, machache mno yalikuwa ya hesabu. Mengi aliyaandika mwenyewe kwa mkono wake, «nilisoma vibaya», na hakuna aliyemwambia kwamba kusoma vibaya kuna sababu, kwamba sababu hizo zina majina, na kwamba kuna jengo zima la watu mjini humu wanaozisomea.

Ninachoomba kwa kitivo si kikubwa. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu hutafuta mada za kazi za mwisho, na wengi huishia kwenye methali, ambazo nazipenda, lakini zimeshakusanywa. Mmoja achukue maswali ya majaribio ambayo vijana wa mji huu wanayakosa, ayachambue kama matini nyingine yoyote: ukanushi, vihusishi, vifungu vya masharti. Mwingine afanye kazi kuhusu jinsi «à moins que» inavyosemwa Ruashi na inavyosemwa Kamalondo, maana nina shaka kwamba watu hawasemi sawa. Na Jumamosi saa nane mchana vyumba vyetu huwa vitupu. Ninacho kikundi cha vijana saba, meza tunaazima, na fotokopi tunachangia. Kinachotupungukia ni ufunguo wa chumba kimoja na walimu wawili wa kupokezana, mmoja wa Kifaransa na mmoja wa Kiswahili.